Sahani Zilizorudi Tupu

Sikula.

Naanza na neno hilo kwa sababu kwa miaka tisa nilisema kinyume chake. Nilisema langoni kwake, nikimtazama mpishi mwenyewe usoni. Nilimwambia mume wangu kila Ijumaa aliporudi kutoka kazini Bujumbura. Na siku moja niliwaambia watu zaidi ya arobaini, uani kwa shefu, mkuu wa mtaa wetu, nikiwa nimesimama na mkono kifuani kama mtu anayeapa. Nilisema nakula chakula cha jirani yangu Mhindi, kwamba nimekula tangu nilipohamia Gitega, na kwamba ni kitamu. Sikuwahi kuweka mdomoni hata tonge moja. Chakula chote kilikwenda kwa nguruwe wangu, na kama mtaani kwetu palikuwa na kiumbe aliyeijua vizuri ladha ya mapishi yale, ni yeye. Hakuna aliyemwita atoe ushahidi.

Kutupa chakula ni kosa, lakini si hilo linalonisumbua zaidi. Uongo wangu ulinifanya shahidi. Watu wote waliamini kwamba nje ya nyumba yake hakuna anayejua kuliko mimi kile anachokipika na ladha yake. Yeye pia aliamini, au alijifanya kuamini. Sikujua ni lipi kati ya hayo mawili, na nilikaa na swali hilo muda mrefu kuliko nilivyokaa na swali lolote la chuo kikuu.

Sitamtaja jina. Aliwahi kunishika mkono sokoni, mbele ya fungu la nyanya chungu, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, ni kweli we unaandika mambo ya watu?"

Nikamwambia naandika insha tu, mambo ya jumla.

"Ya jumla ni ya nani?"

Nikaanza kuchagua nyanya chungu.

"Bon," akasema kwa kile Kifaransa cha mtaani. "Siku ukiniandika, jina langu usiweke. Na usiseme nilizaliwa wapi."

Hilo la mwisho ni rahisi kulitii. Nilimuuliza mara tatu alikozaliwa, nikapata majibu matatu: mara Gujarati, mara Kigoma, mara Muyinga, kaskazini mwa Burundi. Nyumba ya Muyinga aliyodai kuzaliwa humo niliiona baadaye, nayo ni mpya kuliko mimi. Kwa hiyo nitamwita Jirani.

Ugeni ndio uliotukutanisha. Mimi ni Mrundi niliyekulia Tanzania, nikarudi na shahada mbili na Kirundi cha kuombea chumvi, nikafundisha lise, yaani shule ya sekondari. Mtaani waliniita Mtanzania. Yeye walimwita Mama Muhindi, ingawa Kirundi chake kilikuwa kimekamilika mpaka matusi. Mara nyingi nilipokwama kwa muuza viazi, ni yeye aliyepita nyuma yangu na kumalizia sentensi yangu, halafu akaniambia kwa Kiswahili, "Pole, mwenyeji." Siku za kawaida alivaa kitenge, lakini alikifunga kama sari, ncha ikipita begani. Wahindi wachache waliopita mjini walikitazama kitenge wakacheka. Warundi waliutazama ufungaji wakacheka. Yeye alisema, "Wote wamefurahi, mimi nimevaa."

Hakumwamini mtu. Mwanamke wa Mutaho aliyeleta majani ya muhogo kwa baiskeli alilazimika kunawa mikono mbele yake kabla ya kufungua mzigo. Kabeji aliipasua hapohapo sokoni akachungulia moyo wake kama daktari. Unga aliuchekecha mara mbili, hata ule aliousaga mwenyewe. Nikamuuliza, huo wa kwako nao una nini? "Nilikuwa nimegeuka kidogo," akasema.

Lakini mtu huyo asiyeamini mtu, kila Jumatano na Jumamosi mchana, alikuja langoni kwangu na sahani ya chuma iliyofunikwa kwa sahani nyingine. Alipiga hodi, akanikabidhi kwa mikono miwili, akasema, "Kula ingali moto," na kuondoka.

Marehemu mama yangu, ambaye tuliishi naye wakati huo, alikuwa akikaa barazani akichambua maharage. Mara ya kwanza alisubiri Jirani afike kwake ndipo akauliza.

"Mwanangu, ameonja?"

"Hapana."

"Mbele yako hakuonja?"

"Hakuonja, mama. Ameleta na kuondoka."

"Basi weka chini hiyo sahani."

Burundi anayetoa huonja kwanza. Akikuletea pombe ya ndizi, maziwa au mchuzi, hupiga funda moja mbele yako, ndipo anakukabidhi. Si uchoyo. Ni kukuambia kwamba kama kuna kitu humu, tutaondoka wote wawili. Watu wetu wanaogopa sumu kuliko wanavyoogopa radi, na mtu anayekupa chakula bila kukionja amekuacha wewe ufanye jaribio peke yako.

Na hapa lazima nijicheke kabla hujanicheka. Tasnifu yangu ya shahada ya pili ilihusu jambo hilohilo. Niliandika kurasa nyingi kuonyesha kwamba hofu ya sumu ni lugha ambayo jamii inaitumia kuzungumzia wivu, ardhi na wageni, na kwamba sumu yenyewe mara nyingi haipo. Nilipata alama nzuri. Nakala yake ilikuwa kwenye rafu ya sebuleni, nami niliipita nikiwa na sahani mkononi, nikielekea kwenye banda la nguruwe.

Sahani niliiosha, nikaipangusa, nikairudisha jioni. "Asante Mama, tumekula tukamaliza." Yeye aliinua kifuniko, akatazama ndani ya sahani tupu muda mrefu kuliko sahani tupu inavyostahili, akasema, "Vizuri." Na nguruwe alikwishajifunza. Jirani alipokohoa tu upande wa pili wa ukuta, mnyama yule alianza kupiga kelele za furaha zilizosikika mpaka barabarani. Nilikuwa nikicheka kwa sauti ili nizifunike.

Siku moja niliingia jikoni kwake, na nikatoka na hofu kubwa zaidi. Tulikuwa watatu: yeye, mimi, na mshonaji wa mtaa wetu aliyekuja kumpima blauzi. Dengu zilikuwa motoni. Nikagundua kwamba Jirani hapiki kama sisi. Haonji kabisa. Alipika kwa pua na masikio: alisikiliza haradali zikipasuka ndani ya samli, kichwa kimeinama kama mtu anayepewa siri, na zilipokaribia kunyamaza akatia viungo vingine. Chumvi aliipima kwa kunusa mvuke. Mshonaji, mwanamke mchangamfu asiyejua mipaka, akachovya kijiko, akaonja, akakirudisha sufuriani.

"Mama, iko tamu! Mais weka kidogo pilipili."

Jirani akatabasamu. Akaendelea kupima mabega. Mshonaji alipotoka, Jirani alichukua ile sufuria nzima, akaipeleka nje kwa mfanyakazi wa duka lake lililokuwa mbele ya nyumba, akarudi, akaosha sufuria, akaanza upya. 

Nilirudi nyumbani nikamsimulia mama.

"Kwa nini mtu atoe sufuria nzima mara tu mwenzake akionja?" akauliza.

"Sijui."

"Unajua," akasema mama.

Maelezo niliyapata miezi mingi baadaye, nilipompelekea maharage. Nilifanya kama nilivyofundishwa: nikafungua sufuria mbele yake, nikachota kijiko, nikala, nikamkabidhi kwa tabasamu la mtu safi. Alirudi nyuma hatua moja.

"Mwalimu, kwa nini umenifanyia hivyo?"

"Nimefanya nini?"

"Umenipa makombo." Hakukasirika, alionekana tu amechoka. Akanieleza kwamba kwao anayepika haonji. Chakula kinatengwa kwanza kidogo kwa ajili ya Mungu, kwenye kabati lake dogo lenye picha, ndipo watu wanakula. Kilichopita mdomoni mwa mtu, hata kwa kijiko kimoja, kimekuwa makombo, na mgeni hapewi makombo. "Hata mume wangu sikumpa. Wewe nitakupaje?"

Kwa hiyo nilijua. Tangu siku hiyo nilijua kwamba kutoonja kwake ni heshima aliyokuwa akinipa mara mbili kwa wiki. Nilimweleza mama, akasikiliza vizuri, akasema, "Hayo ndiyo aliyokuambia." Jumamosi iliyofuata nilifungua sahani, nikakata kipande cha kitu cha manjano chenye mbegu nyeusi juu, nikakisogeza mpaka kwenye midomo. Mkono ukagoma. Kujua hakukunisaidia kumeza. Mama alipofariki nilijiambia sasa hakuna wa kuniuliza, nitakula. Nikaendelea kumlisha nguruwe. Ikabidi nikubali kwamba hofu ile niliyomsingizia mama ilikuwa yangu.

Alikuwa na chakula kimoja ambacho aliniletea mara moja tu kwa mwaka, mvua za kwanza zikikaribia. Ilikuwa sombe. Si sombe yetu ya mawese na karanga. Aliyapika majani ya muhogo kwa samli, haradali na dengu, akatia ndimu, na nadhani sukari, kwa sababu niliona sukari guru imekaa karibu. Mumewe alikufa muda mrefu kabla sijahamia, na kila mwaka katika siku hizo alimpikia alichokipenda. Kabla mtu yeyote hajagusa, aliweka sehemu ya marehemu kwenye jani la mgomba juu ya ukuta, akasubiri kunguru waje. Wakija upesi, marehemu ameridhika. Wakichelewa, alisimama pale akiwaita kwa Kirundi.

Unaweza kufikiria watu walisema nini. Mjane anayelisha kunguru juu ya ukuta, asiyeonja chakula chake. Mtaa mzima ulikuwa na macho kwenye ukuta ule.

"Hii nilijifunza Muyinga, mwaka wa kwanza wa ndoa," aliniambia akinikabidhi sahani ya siku hiyo. "Sikukuta mboga hata moja ninayoijua. Nilipika nilichokikuta. Mume wangu akala, akanyamaza, akaongeza. Tangu hapo hakutaka nyingine." Kisha mkwe wake, mke wa mwanawe, alipoletwa kutoka India, alifungua sufuria ile akauliza hiki ni nini. Akaambiwa ni chakula chetu. Akacheka: "Ba" (hivyo ndivyo wanavyomwita mama) "India hakuna mtu anakula majani haya." Jirani alinisimulia hilo mara nne kwa miaka tofauti, kila mara kama habari ya jana. "Anasema si ya Kihindi. Warundi wanasema si ya Kirundi. Wewe unaila, Mwalimu. Wewe unasema ni ya wapi?"

"Ni ya kwako, Mama," nilisema. Lilikuwa jibu zuri, na nilijivunia mpaka nilipofika bandani.

Nije sasa kwenye mkutano. Mshonaji aliumwa. Tumbo, homa, kutapika, mpaka akalazwa. Juma hilo alikuwa amepokea sahani kutoka kwa Jirani. Hospitali ilisema baadaye ni tifoidi ya maji ya kisima, akatibiwa na kupona. Lakini kabla ya hospitali kusema, mtaa ulikuwa umeshasema. Shefu akaita watu uani kwake saa nne asubuhi. Wengine walikuja wakitaka Jirani aondoke mtaani siku hiyohiyo, na hawakuficha.

Naye akaja na sahani ya badia. Huwezi kwenda nyumbani kwa mtu mikono mitupu, hata akikuita kwa tuhuma ya sumu. Akaiweka mezani mbele ya shefu, akaifunua, akakaa.

Hakuna aliyenyoosha mkono.

"Mi siko nasema ni sumu," alisema fundi baiskeli. "Mi niko nauliza tu. Muntu mwenye anapea wenzake chakula, na yeye mwenyewe haonje, ni juu ya nini?"

"Aonje hapa, tuone!" sauti ya mwanamke kutoka nyuma.

Shefu alikuwa mtu mpole na alitaka kwenda shambani. "Mama, bon, onja moja basi, tumalize hii mambo."

"Nimekuletea wewe," Jirani akasema. "Nikila, nitakuwa nimekuletea makombo."

"Tuletee hayo makombo!"

Watu wakacheka, lakini si kicheko kizuri. Yeye akakunja mikono mapajani. Nilimwona anaangalia zile badia, na nikaelewa kwamba hataonja. Angefukuzwa, angefunga mlango wa nyumba aliyoishi na mumewe, na bado asingemwonjea shefu chakula cha zawadi.

Nikasimama. Kwanza nilianza na maelezo. Nilisema kuna tamaduni mbalimbali kuhusu usafi wa chakula. Nilipofika kwenye neno "mbalimbali" mtu alipiga mwayo wenye sauti. Fundi baiskeli akasema, "Mwalimu, hapa siyo lise." Ndipo nikaweka mkono kifuani nikasema uongo wangu.

"Mimi nakula chakula chake kila Jumatano na kila Jumamosi. Miaka sita sasa. Niulizeni mimi."

"Na uko muzima?" shefu akauliza.

"Mnaniona."

"Hata ananenepa," akasema mwanamke wa nyuma, na safari hii kicheko kilikuwa cha kawaida. Shefu akachukua badia moja. Akaigeuza. Akanitazama mimi, si Jirani. Akala. Nilikuwa nikitazama koo lake linapanda na kushuka, kwa sababu ni mimi peke yangu pale uani niliyejua kwamba mtu yule anakula kwa neno langu tupu. Hakufa. Akachukua ya pili. Sahani ikazunguka, lakini ilipofika kwangu nikasema nimefunga, niko kwenye maombi.

Jirani alinitazama wakati huo. Mtazamo huo niliufasiri kwa namna zote ninazozijua, na nina shahada mbili. Mara ulikuwa shukrani. Mara ulikuwa wa mtu aliyeona kitu.

Alibaki mtaani. Na kuanzia juma hilo sahani zilikuja zimejaa maradufu, na mara nyingine mbili, moja juu ya nyingine. Nguruwe alikuwa mzito mpaka mnunuzi wa Gishubi akaniuliza ninampa nini.

Miaka mitatu baadaye mikono yake ilianza kutetemeka na mwanawe akaja kumchukua, akampeleka kwake Muyinga. Waliondoka asubuhi na mapema. Duka likafungwa, ukuta ukabaki bila kunguru. Nikashusha pumzi, naona haya kusema, kama mtu aliyeachishwa kazi ngumu.

Mwaka jana nilikwenda Gasorwe kwenye harusi ya binti wa kaka yangu, nikapitia Muyinga mjini kumsalimu. Nilimkuta amepungua, amekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni mwa jiko ambalo si lake tena. Mkwe wake ndiye anayepika sasa, mwanamke mrefu, mwangalifu, ambaye Kiswahili alijifunza dukani. Kwenye rafu kulikuwa na pakiti za viungo zenye picha za vyakula nisivyovijua. Jirani alizitazama kama alivyokuwa akitazama mizigo ya mwanamke wa Mutaho.

"Pua yangu imezima, Mwalimu," akaniambia. "Tangu ile homa ya mwaka juzi. Sisikii harufu ya kitu. Masikio nayo yanakuja na kwenda."

Kisha akauliza, polepole, "Nguruwe wako hajambo?"

Nilimwambia nilimuuza.

"Alikuwa na sauti," akasema, na hakuendelea.  Alikuwa ananinasa kwenye uongo wangu, au alikuwa bibi mzee anayekumbuka mtaa wake?

Mkwe akaleta chai. Jirani akamwonyesha kidole. "Mwambie huyu. Yeye na mume wake wananicheka. Mwanangu mwenyewe anasema alipokuwa mtoto alikuwa akificha sombe yangu mfukoni. Mwambie ilikuwaje."

Mkwe akasimama na trei, akinisubiri. Nikamwambia ilikuwa nzuri mno. Akauliza, nzuri namna gani, dada? Nikasema ilikuwa laini. Akauliza ilikuwa chachu, au tamu? Nikasema vyote viwili, kwa kiasi. Yule mwanamke aliinamisha kichwa kidogo, kama karani aliyepewa karatasi isiyo na mhuri. Lakini Jirani alikuwa akitabasamu, macho amefumba. Nikaondoka haraka kuliko nilivyopanga.

Simu ilikuja mwezi wa tisa, siku ya Jumapili, nikiwa nasahihisha mitihani. Alikuwa mkwe. Nyuma yake nilisikia kitu kinachemka.

"Dada Mwalimu, samahani. Leo ni siku ya baba mkwe. Ba anataka sombe yake. Mikono yake haiwezi, kwa hiyo napika mimi."

Nikasema ni jambo jema.

"Nimefanya yote alivyosema. Lakini yeye hanusi, na hatuwezi kuonja mpaka tuweke ya baba nje. Chumvi sijui. Ndimu sijui. Yeye anasema tu iwe kama ilivyokuwa. Mume wangu haikumbuki. Wewe ulikula miaka tisa, kila mwaka. Niambie. Ukiiweka mdomoni, kinachokuja kwanza ni nini?"

Nilifungua mdomo niseme "laini". Niliwaona shefu na badia yake. Nilimwona mwanamke huyu akiwa amesimama na sufuria mbele yake, aliyewahi kukicheka chakula hiki, ambaye sasa alikuwa anataka kukipika sawasawa, na alikuwa amenipigia mimi.

"Sijui," nikasema. "Sikuwahi kula."

"Hukula siku hiyo?"

"Sikula siku yoyote. Nilikuwa natupa. Yote. Nisamehe."

 Halafu nikamsikia akizungumza kwa lugha yao, sentensi fupi, bila kuongeza kitu. Kiti cha plastiki kikalia. Simu ikashikwa na mkono unaotetemeka, maana ilikuwa inagongagonga kitu, labda hereni.

"Mwalimu."

"Mama."

"Mwanzo nilijua. Sikujali, nilisema ataanza tu. Lakini baada ya mkutano nilidhani umeanza."

Nikaisogeza mitihani kando.

"Ulisimama mbele ya watu wote ukasema umekula. Kumbe hukula."

"Sikula, Mama."

"Basi ulikuwa hujui kama nina sumu au sina."

"Sikujua."

"Na shefu akala."

"Akala."

Akapumua. Nilisubiri anitukane kwa Kirundi, na ningeshukuru. Badala yake alimgeukia mkwe wake akasema kitu, mkwe akakataa, akasema tena, mkwe akakataa kwa sauti ya juu zaidi. Kisha akarudia kwa Kiswahili, nadhani ili nami nisikie.

"Lete kijiko."

"Ba, baba hajapata!"

"Baba yako mkwe ataelewa, hakuna mwingine anayeijua ladha yake. Lete."

Simu iliwekwa juu ya kitu, ikabaki wazi. Nilisikia mfuniko unaondolewa. Nilisikia kijiko kikigonga ukingo wa sufuria mara mbili, kwa sababu ya ule mkono. Halafu mtu huyo anayepika tangu ujana wake akaonja kwa mara ya kwanza kabla marehemu hajapata yake.

"Siyo hii," akasema. "Imelala. Kata ndimu."

"Moja?"

"Nusu. Na ile sukari yako ya pakiti iache, nataka ya guru. Haya, onja na wewe."

"Mimi?"

"Mimi nikifa, ataonja nani? Onja!"

Kalamu nyekundu ilikuwa bado mkononi mwangu. Kule Muyinga walianza kubishana juu ya chumvi, mmoja akisema imetosha na mwingine akisema bado, na sufuria ikafunikwa na kufunuliwa tena na tena. Nilibaki na simu sikioni mpaka salio la mkwe likaisha na simu ikakatika. Katika muda wote huo hakuna aliyeniuliza tena kitu.